Mama Tumu na Roshani ya Jumba la Wexley

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Melania Sithebe, ambaye sisi sote tunamwita Mama Tumu, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Jumba la Wexley. Upande wa Kiingereza wa programu hii ya kumuaga, ofisi imeeleza vyeo vyake na tarehe za kupandishwa. Upande huu tumeachiwa sisi tunaozungumza Kiswahili kazini, Watanzania, Wakongo, Wakenya na Warundi, na wenzangu wamenitwisha kazi ya kuandika kwa sababu moja tu: siku ambayo roshani ilianguka, nilikuwa chini yake.

Nitaifikia siku hiyo. Kwanza tumjue mwenyewe.

Mama Tumu ni mzaliwa wa Kilosa. Aliolewa Morogoro na marehemu Vusi Sithebe, mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni kule, na nchi yao ilipofunguka akamfuata mumewe hadi Turffontein, hapa Johannesburg, akiwa na binti mchanga mgongoni na koti la baridi la kuazima. Mwaka 1994 akaajiriwa hapa kuwa msafishaji. Baadaye akawa msimamizi wa wasafishaji, na hatimaye meneja wa jumba zima. Kizulu alijifunza kwa wapishi, Kisotho kwa walinzi, na Kiingereza cha ofisini kwa kusikiliza mikutano huku akikusanya vikombe. Tumu, bintiye, anakielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kizulu, na mama yake ameshaacha kugombana naye.

Kwa wageni mnaoliona jumba hili leo kwa mara ya kwanza, ni la Kiingereza tangu msingi hadi ncha ya mnara. Lilijengwa mwaka 1911, na msanifu wake hakujisumbua kuchora upya. Alichukua ramani ya jumba la manispaa la mji aliozaliwa kule Uingereza, akalisimamisha hapa juu ya kilima. Ndiyo maana lina matofali mekundu yaliyofungwa mikanda ya mawe meupe, baraza yenye nguzo nene, mnara wa saa, na kioo cha rangi juu ya ngazi kinachoonyesha kondoo, kwa kuwa mji ule uliishi kwa sufu. Wiki yake ya kwanza kazini, Mama Tumu alimuuliza msimamizi wake ni mbuzi gani yule aliyevaa sweta. Hadi leo wafanyakazi wa hapa humwita kondoo yule Sweta.

Lakini ramani ikihamishwa, jua halihamishiki nayo. Madirisha makubwa ya ukumbi yanatazama kusini. Kule Uingereza kusini ndiko jua linakopita. Huku kwetu linapita kaskazini, kwa hiyo ukuta wetu wa kusini hauoti jua mwaka mzima. Mwezi wa saba mwandishi huyu hufanya kazi akiwa amejifunga blanketi. Paa nalo ni la mwinuko mkali, la kumwaga theluji, na mifereji yake ya maji ni myembamba, imefichwa nyuma ya ukuta mfupi ili isionekane barabarani. Ni mifereji ya manyunyu. Mvua ya Johannesburg mnaijua: asubuhi jua kali, alasiri mbingu zinapasuka na mawe ya barafu yanagonga magari hadi yanabonyea.

Jambo moja ambalo ofisi haikuliandika ni kwamba Mama Tumu anaogopa kuwa juu. Haogopi kidogo. Ndani ya ukumbi, juu ya mlango mkubwa, kuna roshani pana inayokalisha watu wengi, na kila upande wake una ngazi yake ya kushukia. Alipokuwa msafishaji alikuwa akiipiga deki huku mkono mmoja umeshika ukuta, na hakuwahi kusogelea ukingo wa mbele. Wenzake walimsafishia safu ile ya mbele, naye akawasafishia vyoo. Alipokuwa meneja, kabla ya siku hiyo, alipanda huko kwa nadra sana. "Nikiwa pale miguu yangu si yangu," aliniambia wakati fulani, na hakuwa anatania.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili ya Januari mwaka 2017. Wiki nzima ilikuwa imenyesha mvua ya mawe. Kanisa la Mchungaji Ezéchiel, la Wakongo wanaotoka mitaa ya Berea, Rosettenville na kwingineko, lilikuwa limekodi ukumbi kwa ibada ya shukrani. Chini pamejaa. Juu kwenye roshani walikaa kwaya ya kina mama na vijana wengi, na kwaya ile ilikuwa ikiongozwa na Jeannine, mke wa mchungaji. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya mitambo ya sauti, ambayo wakati ule iliwekwa nyuma kabisa, chini ya roshani.

Saa za mchana, ngoma zimepamba moto na juu wanarukaruka, niliona unga mweupe ukidondoka juu ya vitufe vyangu. Nikaupangusa. Ukadondoka tena. Nikainua macho. Kwenye lipu ya dari, yaani upande wa chini wa roshani, palikuwa na ufa uliotoka kona ya kushoto, kwenye ukuta wa kusini, na nilipokuwa nautazama ulirefuka. Sijui kama mtu aliyewahi kuona ukuta ukitembea anaweza kumweleza ambaye hajaona. Halafu nikasikia, katikati ya ngoma, mlio mrefu kama wa mlango mzito unaofunguliwa taratibu. Hakuna mlango uliokuwa ukifunguliwa.

Nilimwita Mama Tumu kwa redio ya mkononi. Alikuja haraka akiwa bado na tabasamu la kuwapokea wageni. Nikamwonyesha ule ufa kwa kidole. Tabasamu lile lilizimika, na uso wake ukawa na rangi ya majivu. Mimi nilikuwa tayari nimeweka kiganja kwenye kitufe cha king'ora cha moto.

"Usiguse!" alisema.

"Mama, si inaanguka hii?"

"Ndiyo. Ukipiga king'ora watakimbia wote. Na wakikimbia itaanguka nao."

Nilielewa nikiwa naondoa mkono. Watu wale wote wangekurupuka mara moja, na ngazi iliyokuwa karibu na wengi ilikuwa ya kushoto, penye ule ufa. Tulikuwa na mlinzi mmoja tu ndani, Firmin. Mama Tumu alimwagiza aende akaufunge mlango wa ngazi ya kushoto na asimame mbele yake. "Yeyote akija, mwambie maji yamemwagika, apite kulia," alimwambia. Kisha akatembea, sikumwona akikimbia, akapita pembeni mwa ukumbi hadi mimbarini, akamnong'oneza mchungaji.

Maikrofoni ya mimbari ilikuwa wazi. Niliwahi kuizima kwenye spika, lakini kwenye hedifoni zangu nikawasikia.

"Mchungaji, roshani inakatika. Usiseme hivyo kwa watu."

"Bibi yangu iko kule juu," alisema Mchungaji Ezéchiel. Kwa Wakongo bibi ni mke. "Na batoto yangu yote mbili."

"Najua. Naenda kuwachukua. Nakuomba usimamishe ngoma, wakae chini wote, uanzishe wimbo wa polepole. Halafu waite walio chini ya roshani waje mbele kuombewa. Sauti yako isitetemeke, baba yangu. Wakikusikia umeogopa tumekwisha."

Sijui alipata wapi sauti ile. Aliinua mikono, ngoma zikanyamaza, akasema kwa upole kama mtu anayewalaza watoto: "Bapendwa, tukae. Roho anataka utulivu. Benye wako nyuma, musogee hapa mbele nibaombee. Kwaya, mutuimbishe, mukiwa munaikala."

Watu wakakaa. Waliokuwa kando yangu wakainuka, wakaenda mbele na Biblia zao, wengine wakitabasamu kwa kuitiwa baraka. Nikabaki peke yangu chini ya ule ufa. Ningeweza kuondoka. Lakini kwaya ilikuwa na maikrofoni tatu kule juu, na roshani sasa ilikuwa ikilia kila baada ya muda, na milio ile ingetoka kwenye spika kubwa kila mtu akaisikia. Kwa hiyo kila ilipolia niliishusha sauti ya juu na kupandisha kinanda cha chini. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.

Kupitia maikrofoni zile nilimsikia Mama Tumu akifika juu. Nilisikia kwanza pumzi yake, ile pumzi fupi ya mtu anayetaka kutapika. Alisimama mlango wa kulia. Baadaye alinisimulia kwamba sakafu aliiona imeinama upande wa kushoto, kiasi kidogo tu, kama sahani iliyowekwa vibaya, na kwamba mwili wake wote ulimwambia arudi. Alihesabu nyuso za watu aliowafahamu ili asitazame ukingo. Kisha akaanza na waliokuwa kushoto kabisa, akiwagusa mabega mmojammoja.

"Vua viatu, mama. Shika mkononi. Pita huku kulia, taratibu, usisimame."

"Kuna nini?"

"Tunapunguza watu huku juu. Pita, mpenzi."

Safu moja ikatoka, ikafuata nyingine. Wimbo ukaendelea. Watu wazima si wajinga. Walipoona wanavuliwa viatu, na walipohisi sakafu ikitikisika chini ya nyayo, walijua. Niliisikia hofu ikipita kati yao kama baridi. Mtoto akaanza kulia. Ndipo kijana mmoja, Exaucé, fundi cherehani wa Berea, mtu mwenye kifua kipana, akainuka kwa kishindo.

"Inaanguka! Tutakufa huku!"

Roshani ikalia. Vipande vya lipu vikaniangukia mabegani.

Mama Tumu alimdaka mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini nilisikia kila neno. "Kaka, nitazame. Hata mimi naogopa. Sikia mkono wangu unavyotetemeka, umesikia? Ukikimbia unaua hawa wote. Mbebe mtoto yule anayelia, utembee. Mbebe."

Nikasikia kilio cha mtoto kikisogea, kikapita kulia, kikateremka ngazi. Exaucé hakukimbia. Alipofika chini alikaa sakafuni na mtoto wa watu kifuani, na ilibidi wamwombe mara kadhaa ndipo amwachie.

Wimbo ulikuwa unapungua. Kila aliyegusa ngazi aliondoka na sauti yake, sauti nene kwanza, kisha nyembamba, mpaka zikabaki chache, kisha nne, kisha Jeannine na mtu mwingine mmoja. Wale watoto wawili wa mchungaji niliwaona wakipita mlango wa chini, viatu mikononi. Baba yao aliwaona pia kutoka mimbarini. Hakukatiza sala.

Aliyebaki na Jeannine alikuwa Koko Masika, bibi mzee wa Butembo, anayekaa safu ya mbele kabisa upande wa kushoto kwa sababu haoni vizuri kwa mbali. Goti lake moja halikunji.

"Koko, twende," Mama Tumu alisema kutoka mbali.

"Niko naona ile kitu," alijibu Koko Masika. "Goti inakatala. Muniache. Nilikimbia vita tatu, sitakimbia na hii."

"Hukimbii. Unatambaa na mimi."

"Weye uko na mutoto. Enda."

Nilijua Mama Tumu anatazama nini. Kati yake na yule mzee palikuwa na zile safu za viti zilizoinama, na mbele yake ule ukingo ambao hajawahi kuusogelea tangu aajiriwe. Nilimwona kwa akili yangu tu, maana juu yangu sikuwa naona kitu isipokuwa ufa. Kisha nikasikia nguo ikiburuta kwenye mbao. Alikuwa amekaa chini na kusogea kwa makalio.

"Jeannine, wewe shuka sasa," alisema akiwa njiani.

"Nikinyamaza batu ba chini batashituka," Jeannine akasema, akaendelea kuimba.

"Basi shuka huku unaimba, mwanangu."

Sauti ya Jeannine ikasogea mbali na maikrofoni. Ngazi ikaimeza, ikatokea tena chini, mlangoni, bado anaimba, machozi yanamtiririka. Ndipo mchungaji alipowaambia watu watoke kwa utaratibu kupitia milango ya mbele, ile ya kando ya jukwaa. Firmin akanijia, akanivuta shati. "Rajab, toka, uko unangoja nini?" Nilivua hedifoni. Kitu cha mwisho nilichosikia kilikuwa sauti ya Mama Tumu ikisema, "Nishike kiuno, Koko, usitazame chini, na mimi sitazami," na ya Koko Masika ikisema Baba Yetu kwa Kinande.

Tulisimama kwenye nyasi, watu wote wale, peku, viatu mikononi, mvua ya rasharasha ikianza. Firmin alitaka kurudi ndani. Mchungaji alimshika, kisha yeye mwenyewe akaingia, naye Firmin akamfuata. Wakawakuta kwenye ngazi ya kulia, wanateremka kwa kukaa, kipandio baada ya kipandio. Wakambeba yule mzee, nao wakatoka wanne.

Walikuwa wamevuka tu baraza ya mbele pale sauti ilipokuja. Haikuwa kishindo kimoja. Ilikuwa kama lori linalomwaga mawe, likaacha, likamwaga tena. Vumbi jeupe likatoka kwa milango yote kwa wakati mmoja na vioo vya chini vikapasuka. Kona nzima ya kushoto ya roshani ilikuwa imeshuka, na meza yangu ya sauti ilikuwa chini yake.

Hakuna aliyeumia. Mama Tumu alitembea hadi kwenye ua, akainama, akatapika. Alipoinuka, Jeannine ndiye aliyemfunga vifungo vya koti. Mwanamke mmoja alimkumbatia akimwita shujaa. Alimwambia, "Eish, dada, shujaa gani. Nimejikojolea." Alilisema waziwazi, mbele ya watu, nao wakacheka na kulia pamoja. Ameniruhusu niliandike. Amesema nisipoliandika hilo, yaliyobaki yote ni uongo.

Jumba lilifungwa. Mhandisi Naseeb, kijana wa Fordsburg tuliyempenda wote kwa kutoficha maneno, alibomoa lipu akatuonyesha. Maji ya mifereji ile myembamba yalikuwa yakifurika ndani ya ukuta wa kusini kwa miongo, na kwa kuwa ukuta hauoti jua, haukuwahi kukauka. Ncha za boriti zilizozama ukutani zilikuwa zimeoza zikawa laini kama keki, wakati mbele, penye macho ya watu, mbao ziling'aa kwa vanishi. "Hapa hakuna aliyezembea peke yake," alisema. "Ni jumba lililojengewa mvua nyingine."

Wapo waliotaka libomolewe. Mama Tumu alikwenda kwenye vikao vyote na kusema lirekebishwe. Nilimuuliza kwa nini anatetea jengo lililotaka kumuua. Akanijibu kwamba watu wa Rosettenville na Berea hawana ukumbi mwingine wa kuozeshea watoto wao. Likarekebishwa. Leo lina mifereji mipana inayoonekana barabarani, wapenda historia wakanuna, na boriti za chuma ndani ya kuta. Mwaka 2021 lilikuwa kituo cha chanjo. Miaka michache baadaye wageni walikuja kutoka ule mji wa Uingereza na picha ya jumba lao, wakalilinganisha na letu kipande kwa kipande, wakasema tofauti ni kwamba lao ni jeusi kwa moshi. Mama Tumu akawauliza mifereji yao ikoje. Walidhani anatania.

Lakini hofu haikumwacha, na hatutamheshimu kwa kujifanya ilimwacha. Kwa muda mrefu hakulala vizuri. Kiti kikikokotwa ghorofa ya juu, alinyamaza katikati ya sentensi. Kila Jumamosi kabla ya shughuli alipanda roshani mpya, peke yake, akaikagua hadi ukingo wa mbele, akashuka akiwa amelowa jasho, akanawa uso, akaja kutupangia kazi. Hakuna aliyemwagiza. Suzan, anayerithi ofisi yake, alijitolea mara nyingi ampandie. Alikataa.

Wiki iliyopita alitukusanya jikoni. Tulitarajia hotuba, na kwa kweli alikuwa nayo, ameiandaa, lakini aliiweka kando. Alisema hivi tu: "Mkiona kitu kinawatisha humu ndani, njooni mseme. Msingoje mjue ni nini. Mimi sijawahi kumcheka mtu aliyekuja kuniambia anaogopa, na Suzan asimcheke." Kisha akamkabidhi Suzan funguo, akaomba chai.

Mama Tumu, kwa niaba ya wafanyakazi wa Jumba la Wexley, kwa niaba ya Mchungaji Ezéchiel na Jeannine na watoto wao ambao sasa ni wakubwa kuliko mimi kwa kimo, na kwa niaba yangu mwenyewe: asante. Tuko hai. Tunakuombea usingizi wa kina, safari njema ya Kilosa na Tumu mwezi wa kumi na mbili, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu anayekuita kwa redio.

Rajab Mwinjuma
Fundi wa sauti na taa